Elfu Kumi na Mia Nne na Tatu

Kuna wakati niliamini, kwa moyo wangu wote, kwamba kinu chetu cha unga pale Nakuru kingepunguza wafanyakazi kwa kugawanya namba zao. Si kwa umri, si kwa ugonjwa, wala si kwa uvivu, ambao ungetumaliza sote kwa asubuhi moja. Kwa namba. Jumatatu ya kwanza wangeondoka wale ambao namba zao hugawanyika kwa mbili bila kubakisha kitu. Jumatatu ya pili, wanaogawanyika kwa tatu. Halafu tano, halafu saba, halafu kumi na moja, wiki baada ya wiki, mpaka wabaki wale tu ambao namba zao zimekataa kugawanywa na chochote isipokuwa moja na zenyewe. Hao wateule wangesaga unga mpaka Yesu arudi.

Wajukuu wangu wakisikia habari hii hucheka hadi wanashika mbavu. Sisi hatukucheka. Tulikuwa watu wazima, wenye ndevu na madeni ya ndevu, na mmoja wetu alikuwa na cheti. Huyo mwenye cheti ndiye mimi.

Cheti chenyewe kilitoka shule ya jioni. Tulisoma katika ukumbi wa kanisa, mara tatu kwa wiki, tukitoka kazini moja kwa moja na unga bado kichwani, darasa zima likiwa na mvi za kukopa. Nilisoma miaka miwili. Nikahitimu nikiwa wa kwanza katika hesabu, kati ya watu saba, wawili wakiwa wagonjwa siku ya mtihani. Tangu hapo, ukiondoa Wazungu, Wahindi wenye maduka, makarani wa reli, walimu, wachungaji na watu wengine elfu mbili tatu hivi, hapakuwa na mtu Nakuru aliyenishinda kugawanya. Kazi yangu pia ilipanda. Zamani nilibeba magunia. Baada ya cheti nikawa nabeba magunia na kuyahesabu.

Sasa msomaji asiharakishe kutuita wajinga. Miaka ile serikali ilitupenda mno, hata ikatuhesabu. Mfukoni ulikuwa na kipande cha kazi chenye namba. Ukitaka kwenda mahali ulitafuta pasi yenye namba. Mlango wa chumba ulikuwa na namba, kitanda ndani kilikuwa na namba, na nadhani kunguni nao walikuwa katika daftari fulani huko Nairobi. Na sisi wa kutoka magharibi tulikuwa tumelelewa kwamba mtu hahesabiwi. Ng'ombe hahesabiwi, mtoto ndiyo kabisa. Nyanya yangu akiulizwa ana wajukuu wangapi alijibu, "Wapo," na mazungumzo yakaishia hapo. Ukimhesabu mtu, unampunguza. Kila mtu alijua hivyo, hata kama hakuna aliyewahi kueleza kwa nini. Basi kusikia kwamba namba zingetupunguza halikuwa jambo la kushangaza. Tulikuwa tunalisubiri.

Pale langoni kulikuwa na ubao mkubwa wenye misumari, na kila msumari ulining'iniza kibao cha shaba. Asubuhi unachukua kibao chako, jioni unakirudisha, na karani wa lango anaangalia msumari upi una nini na kuandika katika daftari lake. Vibao vilikuwa na namba za tarakimu tano, zikianzia elfu kumi na kitu. Sisi tulikuwa kama mia tatu. Wale elfu kumi waliotutangulia walikuwa wapi? Swali hilo peke yake lilitosha kumkosesha mtu hamu ya chakula. Wengine walisema walisagwa.

Jumatatu moja, baada ya Krismasi na kabla ya mvua, watu watatu walifutwa kazi. Jumatatu iliyofuata wakafutwa wawili. Mchana wake, mfagizi wetu mzee, mtu mvivu kuliko wote niliowahi kuwaona, ambaye ufagio wake ulidumu miaka kumi kwa kutoguswa, alikuja mahali tulipokuwa tunakula.

"Nimesikia kwa mpishi wa meneja," alisema. "Watu wanapunguzwa kwa namba."

"Kwa namba vipi, mzee?" nikauliza.

"Mimi ninajua? Wewe si ndiye umesoma? Soma basi."

Laiti angeniambia nibebe gunia. Niliinuka na tonge langu mdomoni nikaenda langoni kuangalia vibao vilivyobaki misumarini bila wenyewe. Wale watatu wa kwanza: 10,116, 10,272, 10,348. Zote zinagawanyika kwa mbili. Wale wawili wa pili: 10,221 na 10,317. Hazigawanyiki kwa mbili. Nikajumlisha tarakimu, moja na sifuri na mbili na mbili na moja, ni sita. Ile nyingine kumi na mbili. Zote zinagawanyika kwa tatu! Damu ilinikimbia mpaka kwenye viatu. Uvumi wa mfagizi ulikuwa kijiti tu kilicholala. Mimi na cheti changu ndio tulioleta mafuta ya taa na kiberiti.

Mtu mmoja, mwenzangu wa chumba, alijaribu kutumia akili. Wazazi wake walichunga ng'ombe kwenye shamba la Mzungu huko Subukia, na alikuwa na tabia ya kutafuna neno kabla ya kulitoa.

"Sasa, mwalimu," alisema, "mbili si inagawanya nusu ya kinu? Mbona wametoka watatu?"

"Wanaanza na wachache ili tusishtuke," nikamjibu.

"Aa. Na sisi tumeshtuka."

"Ndiyo maana walifanya siri."

Akatafuna hilo pia. Nilidhani nimemshinda.

Ningeweza kuufanya uvumi huo mchezo, kama si barua iliyonifikia wiki ile ile. Mke wangu alikuwa nyumbani, magharibi, na mtoto wetu. Miaka minne tulikuwa mume na mke wa Krismasi. Kinu kilikuwa na vyumba vinane vya watu wenye familia, na baada ya kuomba mpaka goti likaota sugu, mwezi ule nilipewa kimoja. Nilikuwa nimemwandikia kwamba chumba kipo. Yeye akajibu, kwa mkono wa mwalimu wa shule ya kijijini, maneno machache: Mvua inakaribia. Nikija huko, shamba nitampa shemeji alime msimu huu, na hatanirudishia katikati. Nisipokuja, nipande. Sema moja. Nije au nipande?

Hapo ndipo namba yangu ilipoacha kuwa namba. Kibao changu kilikuwa 10,403. Kama inagawanyika, nitafukuzwa, chumba kitarudi kinuni, na nitakuwa nimemtoa mwanamke kwenye shamba lake ili aje kulala stesheni. Kama haigawanyiki, aje. Nikamwandikia jibu ambalo analo mpaka leo, na hunisomea kila nikijifanya mwerevu: "Ngoja kidogo. Nagawanya."

Wakati huo kinu kizima kilikuwa kimejua kwamba mimi ndiye daktari. Saa ya chakula cha mchana walipanga foleni nyuma ya magunia, kila mtu na kibao chake mkononi, kama wagonjwa wa macho. Niliwaeleza kwa magunia, maana ndiyo lugha tuliyoijua wote. Magunia kumi na mawili utayapanga matatu kwa manne, au mawili kwa sita, yakae kama ukuta. Magunia kumi na matatu, hata umlete malaika akusaidie, ni mstari mmoja tu. Ukijaribu kupanga ukuta, moja linabaki nje linakutazama. Namba za namna hiyo leo shuleni huitwa namba tasa. Mimi nilikuwa nimesahau mwalimu wetu aliziitaje, nikaziita namba kaidi, na kinu kizima kikaanza kuomba Mungu ukaidi.

Basi nikapima. Mwenye namba inayoishia na sifuri au nne sikumgusa hata. Nilimpa mkono wa pole. Kwa tatu nilijumlisha tarakimu, na watu walipoona kwamba nimejua jibu kabla ya kugawanya, mmoja alirudi nyuma hatua mbili na kunitemea mate kando, kwa heshima. Kwa saba na kumi na tatu na jamaa zao, hakuna ujanja. Ni kugawanya tu. Niliandika ukutani kwa makaa. Ukuta ule ulikuwa mrefu kama treni ya Kisumu, na nikaujaza. Mara mbili king'ora cha saa nane kililia nikiwa bado natafuta mabaki, na mara mbili nilipita mbele ya karani wa lango nikikimbia. Aliandika kitu katika daftari lake, nami nikadhani anaandika barua.

Mwenzangu wa Subukia alikuwa 10,397. Nilihangaika nayo siku nzima, ikaja kuangukia thelathini na saba.

"Pole sana, ndugu," nikamwambia. "Thelathini na saba ni namba kaidi ya kumi na mbili. Jumatatu ya kumi na mbili unatoka."

"Wiki kumi na mbili?" Alifikiri. "Sawa. Ng'ombe wa mama atakuwa amezaa. Nitaenda kunywa maziwa."

"Huogopi?"

"Niogope maziwa?"

Na aliyepona ni nani? Kinu kizima, kati ya watu wote niliowapima, aliyekuwa na namba safi isiyo na doa alikuwa yule mfagizi. 10,301. Isome kutoka kushoto, isome kutoka kulia, ni ile ile, kama uvivu wake. Haikugawanyika kwa chochote. Miaka mingi baadaye niliijaribu hata kwa mia na moja, ikabakisha mia nzima. Ilikosa moja tu kugawanyika. Mvivu ana malaika wake. Tangu siku hiyo alikaa juu ya magunia ya pumba kama chifu, akawaamuru watu wamletee chai, nao wakamletea. Nami pia nilimletea, mara moja.

Jumatatu ya tatu ilikuwa ya tano. Mtu mmoja mwenye 10,265 hakungoja aibu. Jumapili alifunga blanketi lake akaenda Kariandusi, kule wanakochimba udongo mweupe, akapata kazi siku hiyo hiyo. Jumatatu kibao chake kilibaki msumarini. "Mnaona?" nikawaambia watu. "Mwenye tano ameondoka!" Na hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani alimfukuza. Siku mbili baadaye alinitumia bonge la udongo ule mweupe, na salamu kwamba kule hakuna namba, na kwamba nilitumie bonge hilo badala ya makaa. Liliandika vibaya, lakini lilinifanya nionekane mwalimu kweli.

Alhamisi ya wiki hiyo nilimaliza namba yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeiacha mwisho, kama mtu anavyoacha nyama pembeni ya sahani, ila kwa woga. Kwa mbili, hapana. Kwa tatu, jumla ni nane, hapana. Kwa saba ikabaki moja. Kwa kumi na moja zikabaki nane, kwa kumi na tatu zikabaki tatu. Nikapanda hivyo, kumi na saba, kumi na tisa, ishirini na tatu, jasho likichora mifereji kwenye unga wa usoni. Themanini na tisa, hapana. Tisini na saba, zikabaki ishirini na nne. Hapana!

Mwalimu wetu wa jioni alitufundisha mahali pa kuacha. Huna haja ya kujaribu kila namba mpaka ufe. Unajaribu mpaka ufikie namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe, inapita ile unayoipima. Hapo unaweka chaki chini. Mimi nikasema: mia mara mia ni elfu kumi. Namba yangu ni elfu kumi na kidogo. Kidogo ni kidogo. Nikaweka udongo wa Kariandusi chini, nikaruka, nikapiga kelele ambayo nyapara aliisikia ng'ambo ya mashine. Nilikuwa kaidi! Mimi na mfagizi! Jioni ile ile nikaandika: "Njoo. Shamba mpe shemeji. Mimi sigawanyiki."

Jumatatu ya nne ilikuwa ya saba, na hapo wasiwasi ungepaswa kuniingia. Mtu mwenye 10,283, ambayo saba huigawanya kama kisu na siagi, alioga, akavaa koti la harusi, akaja langoni na sanduku lake limefungwa kamba. Alikuwa ameshaaga majirani wote na kugawa sufuria. Akasimama pale kungoja kufukuzwa. Nyapara alimtazama kuanzia kiatu hadi kofia.

"Wewe unaoa leo?"

"Hapana, bwana. Niko tayari."

"Kama uko tayari beba gunia."

Akabeba magunia mpaka jioni ndani ya koti la harusi. Alipotoka alinijia akiwa mweupe kama mzimu, na hasira ya mtu aliyedanganywa sadaka.

"Mwalimu, mbona sijafukuzwa?"

"Vumilia," nikamwambia.

"Nivumilie kazi? Sufuria zangu zote nimegawa!"

Nikamweleza kwamba wakubwa wamejua tumegundua siri, ndiyo wamepunguza mwendo. Mtu aliyesoma hakosi maelezo. Ukikosa maelezo, hukusoma.

Mke wangu alifika Jumapili iliyofuata, kwa treni ya mchana. Nilimpokea stesheni nikiwa nimechana nywele mpaka kichwa kikauma. Alishuka na mtoto mgongoni, kapu la viazi vitamu, na kuku wawili waliofungwa miguu. Mtoto alinitazama akalia. Alikuwa ananijua kama watu wanavyomjua mkuu wa mkoa, kwa kusikia. Tukatembea mpaka chumba chetu, namba nne, dirisha moja, ukuta wenye masizi ya watu waliotutangulia. Akaangalia dari, akaangalia sakafu, akasema, "Ni chumba," na kutoka kwake hayo yalikuwa masifu makubwa.

Alipokuwa akichochea makaa jikoni, nikaona sasa ndio wakati wa kumweleza jinsi alivyopata bahati ya mume. Nikamweleza yote. Vibao vilivyobaki misumarini, namba kaidi, foleni ya wagonjwa, mwenye koti la harusi. Nikamwonyesha kibao nilichosahau kwa makusudi kukirudisha Jumamosi, kusudi akione. Nikakisoma kwa sauti ya mahubiri:

"Elfu kumi, na mia nne, na tatu. Hakuna kitu duniani kinachoweza kuigawanya."

Hakugeuka. Aliendelea kupuliza moto.

"Hizo si mia za nyongeza?" akasema.

"Mia za nini?"

Lazima nieleze. Mke wangu alikuwa akiuza mahindi mabichi sokoni kwetu, kwa mia, kwa wachuuzi. Na kwetu huuzi mia kavu, ungeonekana mchoyo. Ukihesabu mahindi mia, unaongeza matatu juu, nyongeza ya urafiki. Mia ya sokoni ni mia na tatu. Mchuuzi akija kuchukua mzigo, anajua na wewe unajua. Hakuwahi kukaa darasani hata jioni moja, lakini alikuwa amehesabu mahindi mengi kuliko magunia niliyowahi kuyaona.

"Mia na tatu," alisema, "mara mia moja. Hiyo ni elfu kumi na mia tatu. Sivyo?"

"Ndiyo."

"Weka mia nyingine moja na nyongeza yake. Inakuwa ngapi?"

Kuku mmoja alinijibia.

"Ni mia za sokoni, mia na moja," akasema. "Zinagawanyika vizuri sana. Wachuuzi mia na moja, kila mtu mzigo wake, hakuna anayebaki analia."

Nikachukua kijiti, nikaandika kwenye majivu. Mia na moja mara mia na tatu. Elfu kumi na mia nne na tatu, bila baki, bila huruma. Mia na moja ikizidishwa kwa yenyewe ni elfu kumi na mia mbili na moja. Haijapita namba yangu. Nilipaswa kujaribu moja zaidi. Moja! Nilikuwa nimesimama mlangoni pa jibu, nikageuka kwenda nyumbani kwa sababu kidogo ni kidogo.

Kitu cha kwanza nilichofanya, msinicheke, nilihesabu Jumatatu. Mia na moja ni namba kaidi ya ishirini na sita. Nne zilikuwa zimepita. "Bado tuna wiki ishirini na mbili," nikamwambia, kama mtu anayetoa habari njema.

Hapo ndipo alipogeuka.

"Baba, wiki ishirini na mbili ni mahindi. Ningepanda, ningepalilia, ningevuna, ningekausha, halafu ndio ufukuzwe. Nimempa shemeji shamba kwa ajili ya nini?"

"Nilikuwa nimepiga hesabu..."

"Umehesabu watu mia tatu." Alisema polepole, na sauti yake ikawa ya nyanya yangu. "Mimi mama yangu hakuniruhusu kumhesabu hata huyu mmoja. Na kati ya hao mia tatu, kuna mtu yeyote alienda kumwuliza mwenye daftari?"

Nilipitia kichwani watu wote wa foleni, nikatafuta mmoja, hata mgonjwa, nikamkosa.

"Basi kesho mwulize," akasema. "Treni ya kurudi iko kesho jioni. Shemeji hajatia jembe, mvua haijanyesha, nikimuwahi atanipa shamba langu. Kuku hawa siwafungui miguu mpaka urudi na neno." Akafunga tena kapu lake ambalo alikuwa ameanza kulifungua. Tukala viazi vitamu tukitazamana na kuku.

Asubuhi nilifika langoni kabla ya jua, wa kwanza kabisa, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu kinu kijengwe. Karani wa lango alikuwa mzee mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, mkimya mpaka watu walisema analipwa kwa maneno anayobakisha. Alinitazama, akaitazama saa yake, akaipeleka sikioni kuona kama imekufa.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba. Umewahi. Unaumwa?"

Nikamwomba anibadilishie kibao. Nikamwambia nipe chochote, mzee, mradi hakigawanyiki. Kile cha mfagizi ukiweza, yeye hakitumii sana. Akauliza kwa nini. Nikamweleza, na kadiri nilivyoeleza nilisikia masikio yangu mwenyewe yakiwaka moto: mbili, tatu, tano, aliyekwenda Kariandusi, koti la harusi, mia na tatu za sokoni, mke wangu, treni ya jioni, kuku. Hakunikatiza. Nyuma yangu foleni ilikuwa imeanza kujikusanya, na mwenzangu wa Subukia alikuwa wa pili, akitafuna kimya.

Nilipomaliza, karani alivua miwani akaifuta kwa shati. Akafungua daftari.

"Wale watatu wa kwanza," alisema, "walikamatwa na mifuko ya unga ndani ya suruali. Wale wawili walikuwa vibarua wa msimu, na msimu wao ulikwisha. Vibao tulinunua vikuukuu, vilikuja na namba zake, hata mimi sijui zilikuwa za nini. Hakuna mtu anayefukuzwa hapa kwa namba. Namba ni ya kibao, bwana, si yako. Mtu anafukuzwa kwa kuiba, au kwa kuchelewa mara tatu, na wewe umechelewa mara mbili. Chumba ni chako mradi uko kazini. Kirudishe hicho kibao msumarini, ukichukue tena nikiona, kisha umwambie mama watoto afungue hao kuku."